Sauti ya Akko Talaso

Ningeweza kukusimulia haya kwa mdomo, lakini baada ya dakika tano ungechoka. Sauti yangu siku hizi ni mikwaruzo mitupu. Watu hunisogelea na kuniuliza, "Ati nini?" Ndiyo maana nimeshika kalamu. Na ninachoandika kilitokea kweli, kwangu mimi, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo langu limeshiba. Usiponiamini sitakasirika, maana mke wangu mwenyewe alichukua mwaka mzima kuniamini. Lakini ukifika Isiolo uliza watu waliokuwa na redio miaka ya sabini na themanini: yule kijana wa sauti za wanyama alipotelea wapi? Watakuelekeza kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio.

Kuiga sauti nilianza madrasa. Nilimwiga mwalimu, nikachapwa, nikamwiga akinichapa, nikachapwa tena. Babu yangu aliletwa hapa akiwa askari wa Wazungu, baba akawa na lori, na mimi nilitazamiwa kurithi lile lori. Badala yake nikapata kazi kwenye gari la sinema la serikali.

Unalikumbuka gari lile? Land Rover yenye jenereta na projekta. Tulikuwa tunatundika shuka jeupe mahali popote penye watu, jua likishazama tunaonyesha filamu za afya. Moja ilikuwa ya katuni: ndama mjinga anayetaka kunywa maji machafu, nzi anayemshawishi, na ngamia jike mzee anayemkanya. Ilikuja na Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa. Basi dereva wetu Mutuma, Mmeru mmoja mpole, alizima sauti ya filamu, akanipa maikrofoni, akaniambia nijaze mwenyewe.

Nzi alikuwa rahisi. Ndama pia. Lakini ngamia alinisumbua mpaka nikamkumbuka Akko Talaso.

Akko kwa Kiborana ni nyanya, na mji mzima ulimwita hivyo. Alikuwa anakaa Burat, nje kidogo ya mji, na kila asubuhi aliuza maziwa ya ngamia sokoni, kwenye chombo cha kusukwa kilichofukizwa moshi mpaka maziwa yenyewe yananukia moshi. Kabla ya kusema neno alivuta pumzi ndani kwa sauti, kama mtu aliyeunguzwa na chai. Halafu maneno yakatoka na mluzi mdogo katikati, kwa sababu ya pengo. Na jicho lake la kushoto lilifumba kila alipozungumza. Mteja akianza kubishana bei alimwambia, "Kunywa kwanza, kelele baadaye."

Nikamchukua mzima mzima, pumzi, mluzi, pengo na yale maneno yake. Ili sauti itoke sawasawa ilibidi nifumbe jicho la kushoto. Kila sauti ina mwili wake, wenzangu wa kazi hiyo wanajua. Watu walicheka hadi wakalala chini.

Siku moja bwana mkubwa wa redio alipita Isiolo akasikia, na mwezi uliofuata nilikuwa Nairobi, nikiendesha kipindi cha watoto kila Jumamosi alasiri, moja kwa moja hewani. Nilikuwa nikifungua kwa kusema, "Haya, watoto wa nyumba zote, sogeeeni!" Kisha wanyama wangu wote wakaingia, na ngamia ndiye aliyependwa kuliko wote. Watoto wa nchi nzima walikuwa wakiwaambia mama zao, "Kunywa kwanza, kelele baadaye." Nilivaa suti. Nilioa. Nilikula vizuri kwa sauti ya mwanamke aliyekuwa akikaa juani akiuza maziwa.

Sijawahi kumwomba ruhusa, na hilo ndilo kosa langu. Tena nina baya zaidi. Niliporudi likizo moja nilipita sokoni kununua maziwa, akanitazama kwa lile jicho moja.

"Wewe kijana," akasema, "huyo ngamia yako ya redio ni nani?"

"Ni ngamia tu, Akko," nikajibu.

Akavuta pumzi. "Haya," akasema, akanijazia kikombe.

Nilimdanganya usoni kwa aibu tu. Ningesema kweli angecheka, na nisingekuwa naandika haya leo.

Ilipita zaidi ya mwaka bila mimi kufika nyumbani. Miaka ya themanini ilikuwa imeanza na ukame umebana. Nilipokuja, Mutuma alinikuta stendi hata sijafika kwetu. Usiku huo alikuwa na onyesho Burat, karibu na kambi ya jeshi, na watu walikuwa wamesikia ninakuja. Akanibeba moja kwa moja. Hakuna aliyepata nafasi ya kunipa habari za mji.

Tulitundika shuka kati ya miti miwili ya migunga. Wengine wakakaa mbele, wengine nyuma, maana picha inaonekana pande zote. Nzi akaongea, watu wakacheka. Ndama akaongea, wakacheka. Ngamia akaingia, nikafumba jicho, nikavuta pumzi.

Kicheko hakikuja.

Nilisikia mzee akisema "Astaghfirullah" taratibu. Waliokuwa nyuma ya shuka wakainuka wakazunguka kuja upande wangu, mmoja mmoja. Aliyecheka alikuwa mtu mmoja tu, mstari wa mbele: Kaltuma, binti wa Akko. Alicheka peke yake, machozi hayapo, macho ameyakaza kwenye shuka. Mimi mjinga nikafurahi. Nikasema moyoni, angalau mmoja anaijua sanaa.

Filamu ikaisha, Mutuma akabaki anashughulika na jenereta. Mimi nikaenda nyuma kufungua kamba za shuka. Haikuwa hata saa tatu, na mwanga wa projekta bado ulikuwa ukipenya kitambaa.

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza, ile ya maziwa ya moshi. Kisha nikamwona, amekaa peke yake kwenye kigoda chake, uso kwa shuka, chombo mapajani. Nikamwambia, "Salaam aleikum, Akko. Kumbe ulikuja kuona?"

Akanigeukia na kufungua mdomo. Midomo ikacheza. Haikutoka sauti yoyote.

Halafu jicho langu la kushoto likafumba lenyewe. Niamini, sikulifumba mimi. Kifua changu kikavuta pumzi kwa nguvu, na kooni mwangu ikatoka sauti yake, na mluzi wake, na kila neno likifuata midomo yake:

"Wamekuja kuniuliza. Mdomo nafungua. Sauti iko kwako."

Nilijaribu kuuziba mdomo wangu kwa mkono. Sauti ikapita katikati ya vidole.

"Tangu siku ile wananingoja. Nirudishie."

"Wewe!" Mutuma akaita kutoka upande wa pili. "Si watu wameenda? Unafanyia nani ngamia huko nyuma?"

Nikageuka kwa sauti yake. Nilipotazama tena palikuwa na mchanga tu, na mchangani alama tatu za miguu ya kigoda. Nikamwambia Mutuma nilikuwa naongea na Akko Talaso. Akaiacha kamba aliyoishika.

"Akko wa maziwa? Bwana, si huyo mama alizikwa? Miezi tatu sasa."

Sikulala. Mwislamu hahitaji kufafanuliwa maneno yale. Tunafundishwa tukiwa wadogo kwamba mtu akishazikwa, huja malaika wawili wakamuuliza: Mola wako ni nani? Dini yako ni ipi? Mtume wako ni nani? Sasa wewe fikiria. Umeishi maisha yako kwa swala na kwa jasho, majibu unayajua tangu utotoni, unaulizwa, unafungua mdomo, na sauti yako iko Nairobi inachekesha watoto.

Asubuhi nikaenda kwa Kaltuma kumpa pole. Nilikusudia kumwambia nitamwacha yule ngamia. Nilimkuta ametulia, nyumba imefagiwa, kigoda cha mama yake kiko pale pale mlangoni. Juu ya kigoda kulikuwa na redio, na mbele ya redio kikombe cha maziwa.

"Ndugu yangu, wewe ndiye umenisaidia," akasema. "Watu wanasema mama amekufa. Mimi nawaambia, kila Jumamosi si anaongea? Namwekea maziwa, nasikiliza. Hata kulia sijalia. Kwa nini nilie?"

Nikamwambia huenda kipindi kikabadilika. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Usiache, tafadhali. Ukimtoa huyo ngamia, mimi nitabaki na nani?"

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mama anataka sauti yake, binti anataka nisiitoe, na mimi mkate wangu uko humo humo. Nilijiambia walio hai ndio wenye haki ya kwanza. Uongo mtupu. Niliogopa kurudi kwenye lori la baba.

Niliporudi Nairobi, Jumamosi ya kwanza nilimleta ngamia kama kawaida, hakukutokea kitu. Nikaanza kujicheka. Jumamosi ya pili nilifungua kipindi, "Haya, watoto wa nyumba zote," ndama akaongea, nzi akaongea. Nikafumba jicho, nikavuta pumzi kumwingiza ngamia. Hedifoni zikazimika masikioni. Ng'o, hata mvumo hakuna. Nyuma ya kioo nilimwona fundi mitambo akikoroga chai yake bila wasiwasi.

Kisha ndani ya hedifoni mtu akauliza. Sauti haikuwa ya kiume wala ya kike, na haikuwa kali. Ilikuwa na subira, na hiyo subira ndiyo iliyonitia baridi.

"Mola wako ni nani?"

Nilijua si mimi niliyekuwa nikiulizwa. Nilijua pia nikivua hedifoni na kuweka muziki, nitabaki na kipindi changu, suti yangu na nyumba yangu. Mkono ulishainuka kuzivua, wallahi. Ndipo nikakumbuka kile kikombe alichonijazia baada ya mimi kumdanganya. Nikaushusha mkono.

Nikajibu kwa sauti yake, kwa mluzi wake, jicho limefumba. Sikumwigiza siku hiyo, nilimsemea. Nikaulizwa la pili, nikajibu. La tatu, nikajibu, machozi yananitiririka. Katika jibu la mwisho nilihisi kitu kikivutwa kutoka kooni, polepole, kirefu, mpaka kikaisha.

Nikafungua mdomo kuwaaga watoto. Hakuna kitu. Fundi akagonga kioo, akaweka muziki haraka, akaja mbio. Akaniuliza kwa nini nilinyamaza. Kwake yeye, tangu ngamia alipotakiwa kuingia, hewani kulikuwa kimya tu. Wasikilizaji nao walisikia kimya, isipokuwa mmoja.

Kaltuma mwenyewe aliniambia baadaye. Alikuwa amekaa mbele ya kigoda, akamsikia mama yake akijibu, jibu moja baada ya jingine, bila kukwama. Kisha redio ikanyamaza. Akanyoosha mkono akaizima, akamwaga yale maziwa nje, akapiga ukelele. Majirani walikuja wakamshika, akalia siku mbili. Leo ana wajukuu. Kila nikikutana naye huuliza hali yangu na kunitazama kooni.

Madaktari wa Nairobi walinichungulia na tochi zao wasione kitu. Baada ya miezi miwili sauti ilirudi hii niliyo nayo, ya kukwaruza. Si ya ngamia peke yake iliyoondoka. Nzi aliondoka, ndama aliondoka, na ile yangu mwenyewe niliyozaliwa nayo pia. Kazi ikaenda, suti nikaiuza. Nilimuuliza sheikh kama inawezekana kweli maswali ya kaburini yakangoja. Akasema, "Hayo mwachie Mungu. Wewe uliwahi kumwomba radhi akiwa hai?"

Basi kama kuna mtu unayemwiga ili watu wacheke, mwendee leo, angali anakunywa chai yake. Mwambie, akucheke au akutukane, yaishe.

Na kuna jambo jingine, hili naomba kwa ajili yangu. Hapa mjini watu wazima wenye ndevu wananipita kibandani na kuniita, "Haya, watoto wa nyumba zote, sogeeeni!" Wanaipata barabara, ile sauti yangu ya zamani, kuliko mimi mwenyewe. Wanafanya kwa upendo, najua. Nawainulia mkono, na moyo unanienda mbio. Kama nawe ulikuwa mtoto miaka ile, na bado unaiga salamu yangu kuwachekesha wanao, tafadhali, acha. Umri umekwenda. Siku yoyote nitaulizwa, na sauti yangu iko kwako.