Breki za Marehemu

Juma hili, kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, niliona jambo lililonikausha mate. Abiria walikuwa wameshuka garini kama kawaida, madereva wakibaki kuingiza magari peke yao. Kando yangu alisimama mjane mwenye kitambaa cheusi kichwani. Shemeji yake ndiye aliyeendesha gari la marehemu mumewe, mtumba wa kutoka Dubai.

Gari liliteremka kuelekea kivukoni bila kupunguza mwendo. Watu walitawanyika. Likaingia moja kwa moja hadi ndani ya kivuko, mbele yake ni ziwa tu.

"Pampu breki, shemeji! Kanyaga, achia, kanyaga tena!" mjane alipiga kelele.

Likasimama likigusa mnyororo wa mwisho, ule wa kuzuia magari ukingoni mwa kivuko.

Shemeji alitoka akamjia. "Kumbe ulijua breki ziko hivi?"

"Kaka yako alizipampu kila siku. Ninyi mlichukua ufunguo tukiwa bado kwenye matanga. Nani aliniuliza gari linaendeshwaje?"

Nami nimezika mwaka huu. Tunagombania ufunguo, hatumuulizi aliyekaa kiti cha pembeni miaka yote. Nilimshukuru Mungu kwamba mama yule alifungua kinywa.

Tulipofika ng'ambo, shemeji alimfungulia mlango wa mbele kwa adabu. "Panda, shemeji, unielekeze."

"Nenda nalo," alijibu. "Mimi nitatembea."