Ekstensheni ya Msiba wa Tafo

Dufie hawezi kukaa penye birika la umeme bila kuligeuza juu chini. Mimi nauza sufuria ubavuni mwa kibanda chake cha vifaa vya umeme hapa sokoni Bantama tangu tungali wasichana, na ameshaniaibisha nyumba nyingi. Tunakaribishwa chai, mwenzangu kashika birika la watu, anatafuta alama ya usalama kwenye kitako. Friji nayo huiangalia nyota za kuonyesha inavyokula umeme kabla hajamsalimu mwenye nyumba. Kisicho na alama hauzi, na wateja wanamwamini kuliko mchungaji wao.

Jumamosi ile alikuwa akipangusa vumbi ekstensheni za boksi jipya kwa kitambaa kibichi. Mara nikamwona kaganda. Alama ilikuwa imetoka yote, imehamia kwenye kitambaa. Ya kweli huchongwa kwenye plastiki yenyewe; hii ilikuwa wino mtupu.

"Umeshauza ngapi?" nikamuuliza.

"Moja. Jana. Nimemuuzia Afrakoma, ya msiba wa baba yake."

Alipiga simu, akapiga tena, haikupokelewa. Nani atasikia simu penye spika za msiba? Akafunga kibanda, akanivuta mkono. Ndani ya teksi ya kwenda msibani Tafo hakutulia, mara amhimize dereva, mara aniulize kama watoto hukaa karibu na spika. Wanakaa, tena wanacheza na nyaya, lakini sikuthubutu kumjibu. Na mimi nilikuwa naogopa.

Tafo watu wote walikuwa wamevaa nyeusi na nyekundu za msiba. Dufie aliingia na gauni lake la njano la sokoni. Wakwe wa Afrakoma walikuwa wamejipanga, zawadi zao za rambirambi vichwani, na mtangazaji anazitaja moja moja kwenye maikrofoni. Chini ya meza yake nikaiona ile ekstensheni, imebebeshwa spika, feni na friji ya vinywaji, watoto wamekaa juu ya waya wake. Dufie akainama, akaichomoa ukutani.

Kimya.

"Nani kanizima?" Huyo Nana Atuahene, mkubwa wa wakwe.

"Mimi, Nana. Hii nimeiuza mwenyewe, kumbe feki. Itawachoma."

Mzee akaipapasa. "Hii? Mbona baridi kuliko bia uliyoizimia friji!" Watu wakaangua kicheko. "Mama, ukitaka kutukana zawadi zetu, tukana. Usisingizie waya."

Afrakoma akaja, macho mekundu. "Mama Dufie, mbele ya wakwe zangu? Si ungeniita pembeni?"

"Ungeniambia nisubiri wamalize, mwanangu."

"Kwani walibakiza nini kumaliza? Toka. Na dukani kwako sikanyagi tena."

Hatukuachiwa tutoke hivi hivi. Dufie alitozwa chupa ya jini, pombe kali ya kuwapoza wakwe, akaomba radhi amepiga magoti, akalipa bila kubisha. Waya mwingine ulipopatikana, kitu cha kwanza kutangazwa kwenye spika kilikuwa faini yake. Tulisindikizwa na vicheko mpaka barabarani, ekstensheni iko kwapani mwake.

Nilirudi kibandani nimefura. "Haikuungua, haikunuka hata moshi," nikamwambia. "Umejivunjia jina bure, dada yangu."

Dufie alichukua koleo, akaukata ule waya, akaumenya ganda na kunisogezea. Shaba ya ndani ilikuwa nyembamba kama unywele. Spika, feni na friji, vyote vilikuwa vinategemea unywele ule, na watoto wamekaa juu yake.

"Nipe!" nikasema, nikajifunga kanga. "Naipeleka Tafo sasa hivi. Nitamkabidhi yule mzee mkononi, mbele ya spika zake!"

Dufie akanishika mkono. "Kaa chini. Waache wamlilie baba yao."

Nikakaa. Yeye hakukaa. Alilivuta lile boksi jipya mbele yake, akaendelea kukata ekstensheni zilizobaki.