Gesi ya Bure ya Volkmar

Irmtraud Kesselring aliolewa na Volkmar akiwa bado na macho mazuri, na hadi leo hajui aliona nini. Kitu alichokithamini pale Rheingau, bonde la mizabibu la Ujerumani, kilikuwa ua wa nyumba ya marehemu mamake. Kila majira ya kuchipua walitundika shada la matawi langoni, watu wakaingia kunywa mvinyo wa nyumba. Mvinyo wa nyumba tu; kununua kwa jirani ni marufuku kisheria. Usipovuna, lango hulifungui.

Upande wa chini wa shamba lao la mlimani watafiti walijenga maduara ya mabomba, wakawa wanaipulizia mizabibu hewa ya ukaa wajue itakuwaje hewa hiyo ikizidi kuongezeka duniani. Volkmar akaona dili. Upepo unapanda mlima, basi gesi yote yaja kwake! Mwaka ule mizabibu yake ikafumka majani, naye akawa anatembea kifua mbele kana kwamba ameyaotesha kwa pumzi zake.

"Wasomi wananilishia shamba bure," akasema.

"We Volkmar, mizabibu ya mlima mzima imenenepa, hata ya ng'ambo ya mto. Hewa ni hiyo hiyo. Tupunguze majani, vichala vipigwe na upepo. Zabibu zimebanana mno, mvua ikija zitaoza."

"Majani ndiyo yanakula gesi, mke wangu. Ukiyakata umemfunga ng'ombe mdomo."

"Ng'ombe namwona. Laiti angefungwa."

Irmtraud akayapunguza majani ya safu za mizabibu za mamake kwa mikono yake, na Volkmar akamcheka mbele ya wanakwaya wenzake.

Septemba mvua ikanyesha. Zabibu za Volkmar, nene na zilizobanana, zikapasuka na kuota ukungu wa kijivu. Mwenye akili angevuna upesi aokoe kilichobaki. Yeye akatangaza kwamba huo ni ule ukungu wa heshima, unaokausha zabibu zikatoa mvinyo mtamu wa matajiri. Shamba lanuka siki hadi barabarani, nyigu wamelijaa, naye anangoja utamu! Irmtraud alilia kwa hasira. Kisha akavuna safu zake peke yake; Volkmar akaja kukamua zake baadaye, zimeshaoza.

Zikatosha. Majira ya kuchipua shada likatundikwa, ua ukajaa, na Volkmar akakaa katikati ya wanakwaya.

"Kunyweni, jamani! Hiyo ndiyo gesi yangu hiyo!"

Irmtraud akashuka ghalani, akarudi na jagi la mvinyo wa mumewe, akammiminia glasi ikajaa pomoni.

"Huo mnaokunywa ni wa safu za mama," akawaambia wageni. "Wa gesi ndio huu. Mwenyewe aanze."

Kutema mbele ya kwaya nzima hakukuwezekana. Volkmar akainywa siki yake yote, machozi yakimlengalenga, na mkewe akasimama pale pale na jagi mkononi, akingoja glasi iishe ammiminie nyingine.