Injini Mpya, Mteremko wa Dindira

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiisimulia viganja vinanitoka jasho. Usinicheke. Nilikuwa na umri kama wako, mdomo mrefu kuliko huu unaousikia, na pale Makuyuni mwanamke mwenye pikapu yake nilikuwa mimi peke yangu. Hebu fikiria maringo yenyewe!

Pikapu ilikuwa kuukuu. Injini yake ya petroli ilikuwa imechoka, inakula oili, inatoa moshi, na mlima wa Dindira inaupanda kwa kubembelezwa. Fundi Mhina wa Korogwe, mzee wa watu, mpole, akaitoa akanifungia ya dizeli. Sasa sikiliza vizuri, maana kisa kiko hapa. Injini ya petroli hufyonza hewa, na mfyonzo huo ndio unaofanya breki iwe laini mguuni. Ya dizeli haifyonzi hivyo, lazima ifungiwe pampu yake. Bila pampu, breki inakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe.

Aliniambia wazi kabisa, huku ananawa mikono kwa sabuni ya unga ili aende msikitini. "Mama Rehema, injini tayari, lakini pampu ya breki bado. Nikitoka kuswali naimalizia, halafu tutapanda wote." Ndiyo ilikuwa desturi yake: gari alilolifungia injini, safari ya kwanza lazima akae yeye kiti cha pembeni, atege sikio.

Mimi na subira wapi na wapi! Kabichi zangu Dindira zilikuwa zimeshakatwa, zinanyauka. Nikangoja aingie msikitini, nikawasha gari, nikaondoka. Ndiyo, nilimtoroka mzee wa watu. Kwenye tambarare niliona breki ngumu, nikakanyaga kwa nguvu zaidi, gari likasimama. Nikajisemea, si linasimama? Na mlima ulivyopandwa siku ile, mwanangu, niliimba njia nzima.

Dindira nikapakia kabichi. Wanawake wanne wakapanda juu ya mzigo, na wifi yangu Zaina, aliyeolewa huko, akakaa mbele nami na mwanawe wa miezi mitatu, anampeleka kwa bibi yake. Kabla sijaondoa gari, Zaina akaniuliza, "Wifi, gari lako zima lakini?"

"Zima kabisa! Huoni injini mpya?"

Kona ya kwanza nilipita kwa shida. Ya pili nikasimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, na gari linazidi kwenda. Nikavuta breki ya mkono, ikatoa harufu ya kuungua tu. Nikashusha gia, injini ikapiga ukelele. Kushoto korongo, nyuma yangu wale wanawake wameanza kumwita Mungu.

"Wifi, punguza!"

"Napunguza!" nikasema, na sikuwa napunguza chochote.

Nilikata usukani kulia, nikalisugua gari kwenye gema la mlima, mawe yakakwangua mlango wangu, likaserereka, likazama mtaroni. Kabichi zikamwagika barabarani. Halafu kimya. Mtoto halii. Mwanangu, nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini sijapata hofu kama ile ya kumsubiri yule mtoto alie. Zaina akamtikisa, akamtikisa tena, ndipo akalia. Nyuma mama mmoja alikuwa amevunjika mkono, na wengine wamechubuka.

Watu wakakusanyika, wakaanza kumlaumu fundi. Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza wamlaumu. Zaina ndiye aliyenitazama akaniuliza polepole, "Wifi, ulikuwa unajua?"

Nilijua. Nikamwambia nilijua, mbele ya watu wote. Hakunitukana. Alimfunga mwanawe mgongoni akashuka mlima kwa miguu, na mpaka leo tunasalimiana vizuri, tunazikana, tunaozeshana watoto, lakini kwenye gari langu hajawahi kupanda tena.

Kwa hiyo mwanangu, nisikie. Ukibadilisha injini, usifurahie kwamba imewaka ukaishia hapo. Muulize fundi kimebaki nini, na umsubiri amalize, hata mzigo uoze. Na mtu anayetaka kupanda akikuuliza kama gari ni zima, mwambie unachokijua, hata kama wote watashuka wakakuacha peke yako. Nafuu ubaki peke yako. Mimi wale watano na yule mtoto niliteremka na roho zao mkononi, na wao hawakujua.

Mungu akulinde kwenye miteremko, akupe mguu mzito wa breki na ulimi mwepesi wa kusema kweli. Na kila atakayekaa nyuma yako afike kwake, ashuke mwenyewe kwa miguu yake.