Mama Vibandiko

"Umeme wa moyo ukikatika, nani anaurudisha?" Nilimuuliza Mama Vibandiko, mpima moyo wa hospitali yetu, nilipokuwa darasa la tatu, mara ya kwanza mama yangu alipolala kwenye kitanda chake cha vipimo. Alinikabidhi viatu vya mama. "Kazi yako hiyo. Mashine ikiandika, hatuongei."

Sasa niko kidato cha tatu, na kila mwaka mambo ni yaleyale. Mama Vibandiko hupasha vibandiko vya mashine ya kupima umeme wa moyo kwa viganja kabla ya kumbandika mama kifuani, maana mtu akitetemeka kwa baridi, mistari nayo hutetemeka. Karatasi ikianza kutoka, hutafuna kifuniko cha kalamu. Mimi sitazami karatasi, natazama taya lake: likitembea, mama yuko salama. Jana taya lilisimama. Nikatazama karatasi. Vilima vidogo vya mistari vilifuatana vizuri, lakini vile virefu vilikuja kwa nadra, kama vimesahau zamu. "Dada, usilale," Mama Vibandiko alimwambia mama, mkono mmoja kwenye kifundo cha mkono wake, mwingine ukibonyeza kengele ya daktari. "Nitanie basi, kwamba namaliza kalamu kwa meno." "Leo utakula hata mashine," mama alinong'ona. Nilikuwa nimevikumbatia viatu. Mama Vibandiko hakuinua macho. "Uliniuliza ukiwa darasa la tatu, mwanangu. Umeme huanzia sehemu ya juu ya moyo, kisha hushuka. Ukikwama njiani, huku chini hakungoji. Kunajiwasha kwenyewe, polepole, ili tupate muda. Huko chini ndiko kunakompigia mama moyo sasa. Weka viatu chini, ukamfungulie daktari mlango."