Shusha, Karibu Iguse

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikikaa kimya hunirudia yenyewe bila kuitwa. Ilikuwa asubuhi ya baridi hapa Johannesburg, mwaka wa 2017, nimesimama mbele ya sanduku la maganda ya risasi, mikono imejaa mafuta, na mzee niliyemheshimu kuliko wote katika mji huu ananitazama kama mtu aliyelipia mbuzi akakabidhiwa kamba.

Nakusimulia kwa sababu ya simu yako ya juzi. Ulikuwa unanipa habari za kazi yako mpya, mara bosi wako akaja kukuagiza jambo, nami nikakusikia ukimjibu "sharp", ile "sawa" ya huku, kisha "sharp" tena, kisha "sharp sharp". Alipoondoka ukaniambia hukuelewa hata nusu ya maneno yake. Ulicheka, nami nikacheka, maana nilikuwa nimechoka na kucheka ni rahisi kuliko kugombana. Lakini jambo lile limenikaa moyoni. Siku hizi sina nguvu ya kumfokea mtu, na watoto wa mji huu wakifokewa hukata simu, basi sikiliza hadithi.

Mwaka ule nilikuwa na mvi tayari, lakini katika kazi ile nilikuwa kijana mbichi. Nilikuwa nimetoka Kalemie, kule Kongo, miaka mingi kabla, nikalinda mlango wa duka moja hapa mpaka magoti yakaanza kulalamika. Aliyenitoa mlangoni ni Mzee Hatibu, mtu wa Tanga, jirani yetu Bellevue katika ile nyumba kuukuu iliyokatwakatwa vyumba. Alifanya kazi katika karakana iliyokuwa nyuma ya duka la vifaa vya uwindaji, ukishapita Newtown. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alitaka kurudi kwao apumzike, na mwenye karakana alimtaka atafute mtu wa kushika nafasi yake kabla hajaondoka. Akanitaja mimi. Alinidhamini kwa jina lake, na kwangu mimi hapakuwa na mlango mwingine uliobaki wazi.

Kazi yenyewe nikueleze, maana hujawahi kuiona. Wawindaji wa huku hawatupi ganda la risasi baada ya kupiga. Ganda ni la shaba, na risasi ikilia ndani ya bunduki ganda hutanuka, likawa kubwa kuliko lilivyozaliwa. Ili litumike tena, hubanwa ndani ya chuma kizito chenye tundu la umbo lake, likarudi kwenye kipimo. Chuma hicho pale karakana wengi walikiita dai, kama wanavyokiita Wazungu. Sisi tulishika maganda matupu tu. Baruti ilikuwa chumba kingine, chini ya ufunguo wa mwenye kibali, na sikuwahi kuigusa.

Mzee Hatibu alikuwa fundi, tena mwenye subira na mashine. Na watu, kidogo. Kiswahili chake cha Tanga alikipenda kama suti ya harusi, na chetu cha Kongo alikicheka waziwazi. Nikisema "vile ulisema", yeye huniiga mbele ya wenzetu wakati wa chakula. Hakuwa mbaya, mwanangu. Alikuwa mtani tu, lakini utani wa kila siku huchosha kama mvua isiyokata, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto.

Wiki yangu ya kwanza aliniambia, "Safisha karibu." Nikachukua fagio nikafagia kote karibu na mashine, chini ya meza, hadi kwenye pembe. Aliporudi akalitazama fagio, akanitazama mimi, akacheka mpaka akajifuta machozi. Mchana akawaambia wote kwamba huyu Mkongomani anapenda fagio kuliko mkewe. Sikujua nimekosea wapi, na sikuuliza. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa wamekaa meza moja na Mzee Hatibu.

Siku aliponiachia kazi ya kwanza peke yangu, alinipitisha hatua zote. Mafuta ya kupaka ganda yawe ya kiasi: yakipungua, ganda hukwama ndani ya chuma na kulitoa ni shughuli, yakizidi, hulibonyeza bega, pale ganda linaponywea kuelekea shingo. Akanionya pia kwamba bega likisukumwa nyuma kupita kiasi, ganda huweza kukatika karibu na kitako siku ya kupigwa, na uso wa mwindaji uko hapohapo. Kisha akaonyesha mashine. Ukivuta mkono wake, ganda hupanda juu likiwa limeshikwa na kishikio, likaingia ndani ya kile chuma kilichofungwa kwa hesi juu yake. Alikuwa amekwishageuka kwenda zake aliposema la mwisho: "Shusha, karibu iguse."

Nikashangaa kidogo. Karibu iguse? Yaani niache upenyo kati ya chuma na kishikio? Kisha nikakumbuka lile onyo la kitako kukatika, nikajiambia labda upenyo ndio kinga yenyewe. Swali lilinifika kooni kabisa. Lakini wenzetu walikuwa hapo karibu, na kicheko cha fagio nilikuwa bado nakisikia masikioni. Nikalimeza. Nikasema, "Sharp, Mzee."

Nilifanya kazi siku nzima kwa moyo wote. Maganda yalitoka yaking'aa, hakuna lililokwama, hakuna lililobonyea, nami nilirudi Bellevue jioni nikimwambia mke wangu kwamba mlango wa duka sitausimamia tena.

Asubuhi yake mwenye karakana, tuliyemwita Oom kama Waafrikana, wale Wazungu wa huku, wanavyowaita watu wazima, alichukua ganda moja tupu akalijaribu katika bunduki ambayo mteja alikuwa ameiacha. Bolti, lile komeo la chuma linalofungia risasi ndani, ikakataa kufunga. Akachukua jingine, ikakataa. Hakupiga kelele. Alimwambia Mzee Hatibu, kwa Kiingereza cha taratibu ili nami nielewe, kwamba msimu wa kuwinda umeanza na wateja wanakuja kuchukua mali yao; kama mtu wako hawezi, jioni hii nitatafuta mwingine, na wewe siku nyingine ujue unamdhamini nani. Hilo la mwisho lilimchoma mzee.

Akarudi mezani. Alianza na mafuta, akaona ni ya kiasi. Akafungua lile dai akalichungulia ndani kama limeingia uchafu au limekwaruzika, likawa safi, nililifuta mwenyewe kwa kitambaa. Akapima urefu wa shingo za maganda, sawasawa. Akashuku bunduki ya watu, akatia ganda jipya la dukani, bolti ikafunga bila taabu. Kila alipokosa sababu alizidi kunitazama, nami nilizidi kutamani sakafu ipasuke. Nilikuwa nimeshaanza kuiona ile sare ya ulinzi ikiningoja nyuma ya mlango.

Mwisho akawasha mshumaa. Alishika ganda moja juu ya moshi mpaka shingo na bega lake vikawa vyeusi, akalitia ndani ya bunduki, akasukuma bolti polepole hadi ilipogoma, akalitoa. Weusi ulikuwa umefutika begani tu, mduara mzima. Basi tatizo ni bega: limebaki mbele mno, linagonga ukuta wa ndani ya bunduki kabla bolti haijafika. Akaenda kwenye mashine, akavuta mkono wake mpaka mwisho, akainama akiwa ameweka macho yake mabovu usawa wa meza. Mwanga wa dirishani ukapita kati ya chuma na kishikio, mwembamba kama karatasi.

"Nani kakwambia uache nafasi hapa?" akaniuliza.

"Ni weye mwenyewe, Mzee. Ulisema nishushe, karibu iguse. Nikafanya vile ulisema."

"Mie nimesema kalibu. Shusha, kalibu iguse."

"Ndiyo. Karibu."

"Kalibu!"

"Sasa kalibu ni kitu gani?"

Akakigusa kile chuma kwa kidole. "Hii."

Tukabaki tunatazamana, mwanangu. Kwao Tanga, sonara anapomimina fedha ili iwe pete, humimina katika kalibu, na Mzee Hatibu, kwa mapenzi yake na lugha, alikataa kusema dai kama wengine. Kwetu sisi, r na l ni mapacha, na wengi hawajali nani ametangulia. Mama yangu, Mungu amrehemu, alimpokea kila mgeni kwa "kalibu, kalibu ndani", na hakuna mgeni aliyewahi kurudi nyuma. Masikio yangu yalilelewa hivyo. Kila Mzee Hatibu alipotaja kalibu, mimi nilisikia mama yangu akiita watu ndani. Ndipo nikalikumbuka fagio. Naye alilikumbuka, niliona usoni, maana siku ile aliniambia nisafishe chuma, mimi nikafagia sakafu.

Hakucheka. Alikaa juu ya sanduku tupu kama mtu aliyetoka safari ndefu.

"Na ulipoona haileti maana, mbona hukuuliza?"

"Nilichoka kuchekwa, Mzee."

Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anatafuta maneno, yeye ambaye maneno hayakumpotea kamwe.

"Swali umelimeza wewe, Baba Neema," akasema, "lakini mie ndiye niliyekukaba koo. Hilo nalibeba. Ila nawe nisikilize. Siku nyingine mtu akikucheka, mwache acheke, akimaliza muulize tena. Kicheko hakimvunji mtu mfupa. Bunduki inavunja."

Akainuka akaenda kwa Oom kusema kosa ni la mdomo wake. Ungecheka kumwona akijaribu kulieleza. Kwa Kiingereza maneno yale mawili hayafanani hata kidogo, na yule Mwafrikana alitazama vidole vya mzee vikionyesha r na l hewani mpaka akachoka. Mwishowe akasema "eish", akatuambia turekebishe tu.

Tukarekebisha. Nilikishusha kile chuma kwa mkono wangu mpaka kikagusa kishikio, nikakiongeza mzunguko mdogo kwa kukaza, naye akiwa amesimama kando. Ganda la kwanza tulilitia katika bunduki pamoja. Bolti ilifunga taratibu, kwa ile sauti ya mlango wa kabati zuri. Nilihisi machozi, na siioni aibu kukuambia. Yaliyokuwa yamebanwa vibaya yakabanwa tena, yote, na jioni Oom hakutafuta mtu mwingine.

Baadaye mzee aliondoka. Tulimsindikiza mpaka kwenye geti la ile nyumba ya Bellevue, mabegi yake yamefungwa kamba. Akanishika mkono akasema, "Karibu Tanga, Baba Neema."

"Kwa r au kwa l, Mzee?"

Tulicheka wote wawili, na mara hiyo kicheko kilikuwa cha wote wawili. Sikwenda Tanga. Kila mwaka nilisema mwakani, na makaratasi ya huku unayajua yanavyomfunga mtu mguu. Kisha mwanawe akapiga simu kunipa habari za msiba, nami nikakaa kwenye kitanda nikilirudia lile neno peke yangu. Nimechoka na mengi, mwanangu, lakini hilo la kutokwenda ndilo linalonielemea zaidi.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na sina nyingine ya kukupa. Ukiagizwa kitu usichokielewa, uliza. Ukijibiwa usielewe, uliza tena, kwa Kiswahili, kwa Kizulu, kwa vidole ikibidi. Lile neno lako "sharp" liweke mfukoni, ulitoe ukishajua unakubali nini. Na mambo yakiharibika, usikimbilie kumlaumu mtu, wala chuma. Anza kuuliza kila mmoja alisikia nini. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ni kweli, lakini sikio nalo hujikwaa, na lenyewe halitoi damu ukaona. Tena iko siku wewe ndiye utakayefundisha. Atakuja mtu mwenye lafudhi ya kuchekesha, kutoka pahali usipopajua. Usimcheke mpaka amalize kuuliza. Ikiwezekana, usimcheke kabisa.

Mungu akupe masikio yanayosikia na koo lisilokabwa na mtu. Akuweke mbele ya walimu wenye subira, na wakikosa subira, akupe wewe ya kuwatosha ninyi nyote. Kazi ya mikono yako ifunge bila kugoma. Na ukipata nafasi, pita Bellevue unione kabla nami sijawa habari ya simu. Karibu, mwanangu. Kwa r na kwa l.