Koti Lililonuka Mbwa

Mtaani walipaita Bweni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mabanda safu mbili, kila banda na kitanda chake cha mbao, bakuli na komeo, na watu wakisafiri ndipo walipowaacha mbwa wao. Waliopaendesha walikuwa mume na mke, mpaka mume alipofariki akabaki mke peke yake, ambaye wateja wote walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Walimwogopa pia. Mteja akianza kueleza kwamba mbwa wake hali chakula kilichopoa, Shangazi humsikiliza kwa adabu zote, kisha humuuliza, "Na wewe huwa unakula nini, yeye akishashiba?"

Sheria kubwa ya Bweni aliitunga marehemu: kila mbwa aje na nguo ya mwenyewe, iliyovaliwa na isiyofuliwa. "Mbwa hakumbuki kwa picha," alikuwa akisema. "Mletee jasho lako." Mwanzoni wateja waliona haya. Hakimu mmoja alileta soksi zake ndani ya bahasha, akaikabidhi huku akitazama pembeni. Marehemu akaipokea kwa mikono miwili kama kadi ya harusi, na Shangazi akakimbilia jikoni kucheka.

Siku hizo ndizo alizozikumbuka kila alipofungua makomeo asubuhi. Walikuwa wakifagia pamoja, yeye safu hii, mume safu ile, wakitaniana ni nani mwenye watundu zaidi. Jioni mume akitaka kuingia ndani, Shangazi humzuia mlangoni: "Vua hilo koti huko huko. Unanuka mbwa." Naye ndipo husogea makusudi amkumbatie.

Koti hilo la kazi ndilo alilobaki nalo. Alilifunga ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati, na upweke ulipomzidi alilishusha, akafungua mdomo wa mfuko kidogo tu, akavuta pumzi, akafunga haraka. Harufu ile aliifanyia ubahili kwelikweli. Hata mwanawe wa kumzaa hakuruhusiwa kuligusa.

Ndipo akaletwa Kidosho. Jina lilikuwa la utani, maana sura hakujaliwa: sikio moja lilikunjika, na uzee ulikuwa umemnyonyoa mgongo. Alikuwa mbwa wa Fundi Saa, mzee asiye na mke wala mtoto, na alikuwa akija Bweni tangu angali kitoto, enzi za marehemu, aliyemdekeza kupita kiasi. Safari hii Fundi alikuwa amekwenda mji wa mbali kupasuliwa jicho, na aliyemleta mbwa ni dada yake.

"Nguo yake iko wapi, dada?" Shangazi akauliza.

Dada mtu akatoa shati jeupe, limepigwa pasi likanyooka. Shangazi akalinusa. Sabuni tupu.

"Umelifua?"

"Sasa nilete nguo chafu kwa watu, Shangazi? Nimefua kila kitu, shuka, mapazia, mpaka kofia zake. Kaka akirudi akute nyumba safi."

Shangazi akalitandika hivyo hivyo bandani. Kidosho naye alilinusa, akaliacha, akajikunyata pembeni akitazama ukuta. Hakula siku hiyo wala iliyofuata. Shangazi alimchemshia supu ya mifupa, akamlisha kwa mkono, akambembeleza kama mjukuu. Wapi.

Daktari wa mifugo alipokuja alimpima, akatikisa kichwa. "Haumwi. Ana huzuni. Lakini kwa umri huu, asipokula, hatamkuta mwenyewe."

Shangazi akamfikiria Fundi akirudi na jicho lake la bandeji, kisha hana wa kumpokea. Akaenda kabatini.

Alisimama mbele ya banda muda mrefu, mfuko mkononi. Mbwa alikuwa anawajua: mmoja akililalia koti mara moja tu, ile harufu ndiyo kwaheri. Roho ilimuuma sana. Akalitoa koti, akalitandika kitandani.

Kidosho aliinua kichwa. Akaja polepole, akazamisha pua ndani ya mkono wa koti, mkia ukaanza kucheza. Kisha akageuka kutazama mlango wa uani, akangoja.

"Haji, mwanangu," Shangazi akamwambia, machozi yakimtoka. "Hata mimi nimengoja."

Baadaye Kidosho alijilaza juu ya koti, na supu akainywa.

Fundi alirudi, akamchukua mbwa wake, akashukuru bila kujua anashukuru nini. Shangazi akaingia bandani kuliokota koti. Lilikuwa limejaa manyoya na mate, na aliona sasa halina budi kufuliwa. Kwa mazoea tu akalisogeza puani.

Kule mfukoni lilikuwa limeanza kunuka nailoni, ila hakutaka kukubali. Sasa lilinuka jasho la zamani na mbwa, mbwa hasa, kama lilivyonuka kila jioni pale mlangoni.

"Vua huko huko," alisema kwa sauti, peke yake uani. Kisha akalivaa, akachukua ufagio, akaanza na safu ya mumewe.